Pango Juu ya Kabati

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Marehemu mume wangu Ignatio alikuwa akisema kwamba nikipewa maji ya kunywa, kwanza namtazama aliyenipa, ndipo nayatazama maji. Nimeishi hivyo mpaka nimezeeka na sijawahi kula sumu ya mtu.

Kwa hiyo nilipofika Mbinga kwa mwanangu Kilian, siku tatu kabla ya Krismasi, tope la pale njiani Ruanda limenikaukia miguuni na ndoo yangu ya usipa, dagaa wa ziwani kwetu, mkononi, sikuingia ndani moja kwa moja. Nilisimama mlangoni nikautazama mti wao wa Krismasi. Lilikuwa tawi la msaiprasi, wamelisimamisha kwenye ndoo ya mawe. Juu ulipendeza kweli: nyuzi za kung'aa, taa za rangi, nyota kileleni. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hakukuwa na pambo hata moja. Majani matupu. Maputo yalikuwa yamefungwa juu kabisa, karibu na dari, na pale taa zilipochomekwa ukutani palizibwa na kiti kizito.

Nilijua ni kazi ya nani. Mkwe wangu Asnath ni Msabato, mtu wa Same, serikali imemleta huku awe afisa kilimo. Kahawa hanywi, na tumempa makazi katikati ya mibuni. Krismasi kwao haina uzito kama kwetu. Nikajisemea moyoni: huyu ametupa nusu ya sikukuu, nusu ameibania.

"Shikamoo mama," akanisalimu, akaja kunipokea ndoo.

"Marahaba mama Ida. Nani ameunyonyoa huu mti?"

"Ni mimi, mama. Ida anatambaa sasa, anasimama kwa kushikilia vitu, na kila anachokishika kinakwenda mdomoni. Zile nyuzi akizimeza zitamkaba. Puto likipasuka, kipande kinaziba koo."

"Nimelea watoto saba kule Lituhi na hakuna aliyekula puto."

"Mlikuwa na maputo, mama?"

Hatukuwa nayo, lakini hilo silo nililokuwa nasema. Kilian akajifanya anahangaika na mizigo yangu ili asicheke. Nilimwona.

Kisha wakaniletea Ida. Ana miezi kumi, meno mawili, na mashavu ya ukoo wetu. Nampenda mtoto huyu kupita kiasi, mpaka najiona mjinga. Nilimpakata jioni ile yote. Akakohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mtoto aliyekaa kwenye baridi ya Mbinga, nami nikasema lile ambalo bibi yeyote wa kwetu angesema.

"Mtoto huyu ana kimeo. Kuna mama mmoja kwetu anaitwa Hildegardi, anakikata vizuri, mkono wake mwepesi. Tukishuka ziwani nitampeleka."

Uso wa Asnath ukafungwa. "Ida hakatwi kimeo, mama. Hakuna mtu atakayemtia mtoto wangu wembe kooni."

"Sikusema leo."

"Wala kesho, mama."

Alisema kwa adabu, lakini tangu dakika ile hakuniacha peke yangu na mtoto. Nikitoka naye uani, yeye anakumbuka nguo za kuanika. Nikikaa naye sebuleni, yeye analeta mchele wake kuuchambua papo hapo. Alimlinda mtoto dhidi yangu kama mtu alindavyo mahindi dhidi ya nyani. Niliona, nikaumia.

Kesho yake asubuhi nikafungua kitenge changu nikatoa pango. Sanamu zake alizichonga Ignatio kwa mninga tulipokuwa vijana: Yusufu, Maria, wachungaji, wafalme, kondoo, na hori lenyewe. Mtoto Yesu ni mdogo, hazidi ganda la karanga. Huyo sikumtoa. Kila Mkatoliki anajua kwamba hori hukaa tupu mpaka usiku wa mkesha. Ila kwetu, katika ukoo wa Ignatio, kuna zaidi. Mwanamke mkubwa wa nyumba humfunga Mtoto kwenye pindo la kanga, kiunoni, akamtunza humo kama mimba mpaka saa ya kuzaliwa ifike. Na hakuna anayeuliza yuko wapi, kwa sababu mjamzito haulizwi atajifungua lini. Bibi yake Ignatio alimbeba, mama yake akambeba, sasa ni zamu yangu. Watoto wetu hawakufundishwa jambo hili kwa maneno. Walizaliwa wakalikuta.

Asnath sikumweleza. Nilidhani atacheka, au atanifungulia Biblia anionyeshe kwamba halimo.

Nilitaka pango likae chini ya mti, mahali pake. Asnath akasema hapana, liende juu ya kabati la vyombo.

"Bethlehemu haikuwa juu ya masufuria," nikamwambia.

"Wale kondoo ni wadogo, mama. Ida akimpata mmoja tu, tumekwisha."

Kilian, kati ya mke na mama, akaitazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Kisha akalibeba pango akalipandisha kabatini. Kimo chake ni kirefu, analifikia bila taabu. Mimi ilinibidi nirudi nyuma hatua kadhaa ndipo niwaone wachungaji.

Nikatoa mshumaa wangu wa nta uliobarikiwa kanisani. Asnath akaukataa pia. Pazia liko karibu, akasema, na mti ni mkavu, na mtoto yumo ndani. Badala yake akaniwekea vimshumaa vitatu vya plastiki, vile vya betri, ambavyo mwanga wake unachezacheza kama moto wa kweli. Sikuuliza vimetoka wapi. Niliamini Kilian ndiye aliyevinunua kunifurahisha mimi mama yake. Na kwa kweli vilipendeza, vilipowashwa jioni wafalme walionekana wanatembea. Hilo pia sikulisema.

Jioni hiyo akaja jirani yao kuutazama mti, mama mmoja wa Tanga aitwaye Mwanabibi, wa idara ya ardhi. Kaleta visheti kwenye bakuli. Nikajiuliza, Mwislamu huyu anatafuta nini kwenye mti wa Krismasi? Nilikinusa kisheti kabla ya kukila. Alikaa, akacheka na Asnath kwa sauti ya chini, akamtekenya Ida, akaaga. Nilihesabu kuwa kicheko kile kilikuwa juu yangu.

Asubuhi ya mkesha niliamka mapema kama kawaida yangu. Kilian alikuwa ameshatoka, anaimba kwaya na walikuwa na mazoezi ya mwisho. Nikaenda kulitazama pango. Vimshumaa viwili vilikuwa vinawaka. Cha katikati, kile kilichosimama mbele ya hori hasa, kilikuwa kimezimika.

Nilisimama chini nikakikodolea macho. Kati ya vyote vitatu, hicho? Wafalme wameachiwa mwanga, kondoo wameachiwa mwanga, na mlango wa Bwana umefanywa giza. Basi, nikasema, huyu Msabato ameanza. Hawezi kulivunja pango mbele ya mumewe, ila atalizima kidogo kidogo tusione. Sikukigusa. Sikumwita. Nililiweka neno hilo moyoni, nikalifunika, nikasubiri siku nzuri ya kulitoa.

Kutoka hapo niliyatazama yote kwa jicho hilo.

Nilimwona Asnath akimfuta Ida mdomo, kisha akinigeuzia mgongo. Nilimwona akimbeba kwenda naye chumbani na kufunga mlango, mchana, katika nyumba ambamo mlango huo haufungwi. Nilisikia kikohozi ndani, na sauti yake ikibembeleza. Alipotoka nikamuuliza mtoto ana nini.

"Meno tu, mama. Mate yanamtoka."

"Uji amekunywa?"

"Amekunywa."

Kikombe kilikuwa mezani. Kilikuwa kimejaa, na uji umeota ngozi juu. Nikajua ananidanganya, ila sikujua kwa nini mtu adanganye juu ya uji. Nikaanza kuwaza mabaya. Labda kwao Same wamemwambia wazee wa ziwani wana mambo yao, mtoto asiachwe machoni pao. Labda Mwanabibi ndiye aliyemwambia. Nilikaa kwenye kochi, mkono kwenye pindo la kanga yangu, nikahisi machozi ya hasira. Mtu mzima nimepanda gari lililojaa kuku nije nichukuliwe kama mchawi kwa mwanangu mwenyewe.

Kilian alirudi baada ya saa tisa, anaimba sauti yake ya besi mlangoni. Hakumaliza ubeti. Asnath alitoka chumbani mbio, mtoto begani, na gauni lake lilikuwa limelowa mate kuanzia bega mpaka kifuani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akasimama juu ya ncha za vidole, akatazama ndani ya pango. Kisha akanigeukia.

"Mama, yule mtoto wa kwenye hori yuko wapi?"

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikalishika pindo.

"Mama, nakuomba. Kwenye hori kuna mtoto, sivyo? Hata sisi tunajua kulikuwa na mtoto. Mbona hamna kitu? Ni mdogo kiasi gani? Alidondoka lini?"

"Hakudondoka."

"Ida amemmeza," akamwambia Kilian, na sauti ikamvunjika. "Amemmeza Yesu wa mama."

Kilian akawa kama mti. Nilimtazama Asnath usoni, na pale hapakuwa na dini yoyote, palikuwa na mama tu. Nikafungua pindo. Usiku wa mkesha ulikuwa bado mbali na wimbo wa Utukufu haujaimbwa, lakini nilifungua, nikamtoa Mtoto Yesu nikamweka kwenye kiganja, nikamnyooshea.

"Huyu hapa. Namtunza mimi. Hajazaliwa bado."

Walimtazama. Kisha Kilian akacheka kile kicheko cha mtu aliyetua gunia la mahindi, akajiangusha kitini. Akamweleza mkewe habari za pindo, na mwanamke mkubwa wa nyumba, na kutouliza. Asnath akacheka huku analia, akaniomba radhi mara nyingi. Kilian akasema haya yataimbwa kwenye harusi za wajukuu. Akaenda kupiga pasi shati lake la kwaya.

Sote tulipumua. Na mimi nilipumua. Nikamfunga tena Mtoto pindoni nikarudi kitini, roho imetulia.

Ilitulia kidogo tu. Kushuku ni ugonjwa, lakini una kazi yake. Nilianza kujiuliza: kwa nini aliuliza? Hori ni tupu tangu jana, na jana aliliona tupu akanyamaza. Mtu haulizi kilichomezwa mpaka ameona dalili za mtu aliyemeza. Tumempata Yesu, sawa. Lakini mate yale bado yanatoka.

Nikainuka nikamfuata jikoni. Alikuwa anajaribu kumnyonyesha. Ida alilishika titi, akavuta, akaliacha, akalia kilio kisicho na sauti, kama cha mtu aliyepiga kelele siku nzima shambani. Asnath aliponiona akataka kujifunika.

"Usigeuke," nikamwambia. "Mama Ida, umeona nini ukanificha?"

"Ni meno, mama."

"Si meno, na uji hakuunywa. Tangu lini?"

Nilimwona anapima kama aniambie.

"Tangu asubuhi," akasema mwishowe. "Alikohoa sana mara moja, kwa nguvu, halafu akatulia. Baada ya hapo hataki kumeza. Hata maziwa. Nilijua ukisikia utasema kimeo. Nikaogopa nikienda msalani nitakuta umemchukua umekwenda naye Lituhi."

Neno hilo liliniingia kama mwiba, lakini hapakuwa na nafasi ya kuutoa. Kwa sababu papo hapo lile la kwangu, lililokuwa limefunikwa, likainuka lenyewe.

"Kile kimshumaa," nikasema. "Cha katikati. Umekizima wewe?"

"Kipi?"

"Cha mbele ya hori. Kimezimika tangu alfajiri."

"Mimi sijakigusa, mama. Sikujua hata kama kimezimika."

Tulitazamana. Kisha tukakimbia wote wawili sebuleni, yeye na mtoto, mimi na magoti yangu. Nilimwita Kilian akakishusha. Alikigeuza. Chini yake palikuwa na tundu la mviringo, kifuniko hakipo, na ndani hamna kitu. Akakishusha cha pili, akakifungua kwa ukucha, ikamdondokea kiganjani betri bapa, inang'aa, upana wake kama sarafu. Kitu kizuri kabisa kwa mtoto anayetambaa.

Kilian akakaa sakafuni, pasi inaunguza shati kule chumbani. "Nilikiangusha mimi," akasema. "Asubuhi, natafuta funguo juu ya kabati. Kilidondoka, nikakiokota gizani nikakirudisha. Sikuona kama kimefunguka."

Kifuniko tulikikuta chini ya kochi. Betri hatukuiona.

Gari hatuna. Bodaboda wote walikuwa wamebeba watu wa sikukuu. Asnath alitoka mbio akagonga kwa Mwanabibi, na yule mama wa Tanga akatoka na kandambili mbili zisizolingana, ufunguo mkononi, hakuuliza swali mpaka tulipokuwa ndani ya gari. Nilikaa nyuma na Asnath. Hakunipa mtoto, wala sikumwomba.

Hospitali ya pale mjini walimpiga picha mara moja. Daktari, kijana mpole, akaiweka kwenye mwanga. Pale chini ya shingo ya mjukuu wangu palikuwa na duara jeupe, safi, kama mwezi.

"Ni sarafu, daktari?" Kilian aliuliza. Alikuwa anaomba iwe sarafu.

"Tazama ukingo wake. Una mstari wa pili kwa ndani. Sarafu haina. Hii ni betri." Akatugeukia. "Na betri haikai tu. Ikiguswa na mate inaunguza nyama ilipolala. Imekaa tangu lini?"

Kilian akasema yeye alikiangusha kabla ya kwenda kwaya, bado giza. Asnath akasema kikohozi kikubwa kilikuwa alipokuwa anafagia, jua limechomoza. Mimi nikasema nilipoamka, kati ya hapo na hapo, kimshumaa kilikuwa kimeshazimika. Daktari alitusikiliza mmoja mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa nyumba ile kuweka mambo yetu mezani pamoja, na tuliyaweka mbele ya mgeni.

"Basi si siku nyingi, ni leo," akasema. "Hiyo ni bahati. Hapa sina kifaa cha kuitolea. Nendeni sasa hivi hospitali kubwa ya wamisionari, upande wa Songea. Nawapigia wajiandae. Msimpe chochote mdomoni, wala msimlazimishe kutapika."

Mwanabibi aliendesha. Sijui alipitaje malori ya makaa ya mawe yaliyojaa njiani, sikutazama barabarani. Nilisali rozari kwa vidole kwa sababu ile ya shanga niliiacha nyumbani, na kando yangu Asnath alikuwa anasali kwake, kwa Kipare, nadhani, midomo inakwenda. Ida alikuwa amelegea kifuani pake, anamtazama kila mmoja wetu kama anayetaka kuelezwa.

Walimpokea mlangoni. Wakamchukua. Mlango ukafungwa, nasi tukabaki kwenye benchi la ukuta wa kijani, Kilian anazunguka nje na Mwanabibi, mimi na Asnath tumekaa na nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Kanisa la wamisionari lilikuwa karibu, waumini walianza kuimba.

"Mama," akasema, bila kunitazama. "Uliona kimezimika alfajiri."

"Niliona."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Ningeweza kudanganya. Nina umri wa kutosha kudanganya bila kuonekana. "Nilidhani umekizima makusudi," nikasema. "Kwa sababu ya Usabato wako. Kwamba hulitaki pango nyumbani kwako."

Aliutazama mlango uliofungwa. Ndani hatukusikia chochote.

"Vile vimshumaa nilivinunua mimi," akasema. "Niliviagiza Songea kwa mtu. Kilian alinisimulia kwamba ukiweka pango lazima uwashe mshumaa, na moto mimi nauogopa, nikafikiri nitampataje mama mshumaa. Nilivichagua vile kwa sababu vinachezacheza." Akafuta pua kwa kiganja. "Nilitaka upende."

"Nilipenda."

"Hukusema."

"Sikusema." Nikavuta pumzi. "Na wewe hukuniambia mtoto hamezi."

"Sikukuambia."

"Kutwa nzima, Asnath."

"Najua, mama. Kutwa nzima." Ndipo akalia hasa, kwa kuinama, paji la uso magotini. Mimi si mtu wa kukumbatia watu. Nilisogea, nikaijaza ile nafasi, nikamwekea mkono mgongoni. Nilikuwa na hofu kubwa kuliko yake, nadhani, kwa sababu mimi nimekwisha kuzika mtoto na najua inakuwaje. Hilo sikumwambia. Si kila kitu kinasemwa siku hiyo hiyo.

Waliitoa. Daktari wa pale, mama mtu mzima, alikuja nayo kwenye kichupa. Upande mmoja ilikuwa imekuwa nyeusi. Alisema kooni kuna kidonda, hakijatoboka, na sauti inaweza kubaki ya kukwaruza kwa muda, labda sana. Alale, apewe maji kwa sindano ya mkononi, asile wala kunywa. Asubuhi watatazama kama anaweza kumeza. Akimeza vizuri, tumshukuru Mungu. Asipomeza, kuna safari nyingine ndefu ya kulishwa kwa mpira na ya hospitali za mbali.

Hatukulala, wala siwezi kusimulia usiku ule, haukuwa na kitu ndani yake.

Asubuhi ya Krismasi daktari alikuja na kikombe cha maji na kijiko kidogo. Ida alikuwa macho, amepakatwa na mama yake, mkono umefungwa bandeji. Alilia kidogo alipomwona mtu wa koti jeupe, na sauti ilikuwa ile ile kavu, kama karatasi inayopasuliwa. Kilian akaenda dirishani akatugeuzia mgongo. Mwanabibi alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda na kandambili zake mbili, amekataa kurudi nyumbani.

"Mpe kidogo sana," daktari akamwambia Asnath. "Tone tu. Tumwone."

Asnath alikishika kijiko, na maji yakamwagikia shuka kabla hayajafika mdomoni. Akajaribu tena, yakamwagika tena. Akaninyooshea kijiko.

"Siwezi, mama. Mpe wewe."

Mtu aliyekataa nikae peke yangu na mwanawe uani, mchana kweupe. Nilikipokea. Nikachota tone, nikainama karibu kabisa, mpaka nikaisikia pumzi ya Ida kwenye kidevu changu. Akanitambua. Akafungua mdomo na yale meno yake mawili, nami nikalidondosha.

Maji yakakaa. Tuliyaona yamekaa juu ya ulimi, na hakuyafanya lolote. Yeye alinitazama mimi, mimi nikaitazama shingo. Nilisahau sala zote ninazozijua.

Kisha ngozi ya koo ikapanda, ikashuka. Ida akakunja uso kwa maumivu, akatafakari, akafungua mdomo tena.

Asnath alikuwa amenishika kiwiko, kucha zimezama.

"Umeona, mama?" akaninong'oneza.

"Nimeona," nikamwambia. "Amemeza. Na ameumia, nimeliona na hilo. Mpe tena wewe, mimi nitakushika mkono."